Bakuli la kawaida lililogeuka hazina ya taifa

BAKULI la udongo lililopinda kidogo, lenye nyufa na kitako cha mikwaruzo, si rahisi kupata mnunuzi gulioni. Lakini nchini Japani, bakuli la aina hiyo hutunzwa katika hekalu la Daitokuji mjini Kyoto. Mwaka 1951 serikali ililitangaza kuwa hazina ya taifa.

Bakuli hilo huitwa Kizaemon. Lilifinyangwa Korea na inaaminika lilikuwa chombo cha kawaida cha nyumbani. Wajapani wanaokutana kunywa chai ya unga wa kijani walipenda usahili wake, na thamani ikapanda. Inasimuliwa kuwa mfanyabiashara wa Osaka ambaye bakuli lina jina lake alifilisika hadi kulala njaa, lakini hakukubali kuliuza.

Udongo wa akiba

Katika karne ya 16, mfinyanzi Chojiro wa Kyoto alianza kutengeneza mabakuli kwa ajili ya Sen no Rikyu, mwalimu wa chai aliyefariki mwaka 1591. Hakutumia gurudumu. Alifinyanga kwa mikono, kisha akachonga kwa kisu.

Bakuli jeusi huchomolewa tanurini kwa koleo likingali jekundu kwa moto, likapoa ghafla. Kuta zake nene hutunza joto la chai bila kumuunguza anayelishika.

Kazi hiyo imebaki katika ukoo wa Raku, na mwaka 2019 ilikabidhiwa kizazi cha 16. Mfinyanzi hutumia udongo uliowekwa akiba na wazee wake, naye huwawekea wajukuu.

Sanduku na mhuri

Bakuli la fundi mwenye jina huuzwa ndani ya sanduku la mbao lenye maandishi na mhuri wake. Likitenganishwa na sanduku hilo, bei hushuka, kwani mnunuzi hukosa ushahidi wa lilikotoka.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kizaemon lilijiuza kweli, lakini aliyelifinyanga hajulikani hadi leo. Ukoo wa Raku ulipiga mhuri, na jina lake bado linauza baada ya zaidi ya miaka 400.

Mkulima anayepeleka asali nzuri sokoni katika dumu lisilo na jina afikirie hilo. Mteja akiipenda, atamtafuta nani msimu ujao?