Jino Lililochongwa Haliponi

Zamani, huku kusini, Wamakonde wengi walichonga meno ili wapendeze. Hata leo wako wanaochonga mwanya. Wengine husugua meno kwa mchanga ili yawe meupe.

Ndugu msomaji, usifanye hivyo. Ganda gumu la jino likiisha, halioti tena. Jino huuma ukinywa maji baridi. Baadaye huoza.

Kumbe njia nzuri zipo. Ukoga mgumu, daktari wa meno huukwangua. Jino lililovunjika huzibwa kwa dawa nyeupe. Penye pengo huwekwa jino la bandia.

Wenzetu wa Arusha wengi wana meno ya kahawia kwa sababu ya maji yao. Rangi hiyo imo ndani ya jino. Haitoki kwa kusugua. Daktari huifunika.

Wananchi wa Mandawa, tupige mswaki asubuhi na usiku. Hata mswaki wa mti unafaa.