Je, Wajua? Mashine ya Mezani Hukata Chuma

Mashine ndogo ya CNC, ile inayokaa juu ya meza na kuongozwa na kompyuta, huchonga hata chuma, si mbao na plastiki tu. Udhaifu wake ni fremu: ikizidiwa hutetemeka, na kisu cha kabaidi cha milimita 3 huweza kuvunjika mara moja. Ndiyo maana hukatishwa kina kidogo, pengine sehemu ya kumi ya milimita kila kisu kinapopita. Lakini usiipeleke polepole mno! Meno ya kisu yatasugua badala ya kukata, yapate moto na kuwa butu. Tazama chembe zinazoruka: zikigeuka buluu, zimefika takriban nyuzi 300 za Selsiasi, na sehemu kubwa ya joto imeondoka nazo badala ya kubaki kwenye kisu.