Mkwezi wa Minazi na Hesabu ya Kujiajiri

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, kuanzia Lamu na Kilifi hadi Tanga, Unguja, Pemba, Mafia na Mtwara, biashara ya nazi inasimama juu ya kazi ya mkwezi, yaani mtu apandaye mnazi kwa malipo ili kuangua nazi, kushusha madafu au kusafisha kilele cha mti. Kwa kawaida mkwezi si mwajiriwa wa mwenye shamba wala si mfanyabiashara wa nazi, bali ni mtu aliyejiajiri, anayeuza ujuzi na nguvu za mwili wake mti kwa mti, na ambaye kwa sababu hiyo hubeba peke yake hasara ya siku za mvua, uchakavu wa zana na, zaidi ya yote, hatari ya kuanguka. Tatizo la msingi la kazi hii, likitazamwa kwa jicho la uchumi, ni kwamba bei yake imezoeleka kulipa jasho la siku ile tu, na kuziacha nje gharama ambazo biashara nyingine yoyote yenye hatari kama hiyo ingeziingiza katika hesabu kabla ya kumtajia mteja bei.

Soko lenyewe halina kasoro, kwa kuwa maumbile ya mnazi yanamhakikishia mkwezi kazi isiyokatika. Mnazi mrefu wa Afrika Mashariki huanza kuzaa ukiwa na umri wa miaka 6 hadi 8, huendelea kuzaa kwa miaka 60 au zaidi, na huweza kupita urefu wa mita 20. Karibu kila mwezi hutoa karara mpya, ambalo ni ganda linalofunika maua, na kwa hiyo mti mmoja hubeba kwa wakati mmoja matunda ya kila rika: kidaka kichanga, kitale, dafu lenye maji matamu, koroma linaloanza kukomaa, na nazi kamili, ambayo huhitaji takriban miezi 12 tangu ua lipevuke. Kwa kuwa matunda hayakomai kwa mkupuo mmoja, shamba huanguliwa kila baada ya miezi 2 au 3, jambo ambalo kwa lugha ya biashara lina maana kwamba kila mnazi ni oda inayorudi mara 4 hadi 6 kwa mwaka. Ni kazi chache za mikono zenye mahitaji ya kudumu kiasi hicho.

Anachouza mkwezi juu ya mti ni uamuzi zaidi ya nguvu. Akifika kileleni hana budi kupenya katikati ya makuti, kuchagua mahali pa kukaa pasipo kushika kuti kavu linaloweza kung'oka, kisha kutambua kwa rangi ya ganda na mlio wa nazi ikigongwa ni kichala kipi kimekomaa na kipi kiachwe hadi zamu ijayo, kwa maana nazi iliyokatwa mapema haifai kwa mbata na humpunguzia mwenye shamba mapato. Nazi zilizokomaa hukatwa na kuachwa zianguke chini, lakini madafu, ambayo ganda lake ni laini na hupasuka yakigonga ardhi, hushushwa kwa kamba kichala kwa kichala, na ndiyo maana kushusha madafu huchukua muda mrefu zaidi kuliko kuangua. Kileleni humo huishi pia majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, ambao watafiti wa kilimo wamethibitisha tangu miaka ya 1950 kwamba huilinda minazi dhidi ya kunguni wanaoharibu vidaka. Mwenye shamba mwenye maarifa anawataka majimoto wabaki, ilhali mkwezi ndiye anayeumwa nao mikono yote miwili ikiwa imeshikilia mti, na hakuna bei inayotofautisha mnazi wenye majimoto na usio nao. Hali ni hiyo hiyo kwa chonga, mdudu mwenye pembe anayetoboa moyo wa mnazi na ambaye huvutwa nje kwa waya wenye ncha iliyopindwa: mkwezi akimwondoa humwokolea mwenye shamba mti mzima, lakini mara nyingi huduma hiyo huhesabiwa kuwa hisani.

Malipo hufuata mitindo mitatu. Upo mtindo wa kulipwa fedha kwa kila mti. Upo wa kulipwa nazi, ambapo mkwezi hupewa idadi iliyokubaliwa katika kila mnazi na kuziuza mwenyewe. Na upo ule wa mkwezi anayenunua madafu yakiwa bado juu, akayashusha na kuyauza kwa mchuuzi wa mjini. Mtindo wa kwanza humpa uhakika, wa pili humtwisha mabadiliko ya bei ya soko, na wa tatu humgeuza kuwa mfanyabiashara kamili mwenye nafasi ya faida kubwa zaidi, mradi awe na mtaji wa kumlipa mwenye shamba kabla hajauza. Mgema, ambaye hukwea kwa ajili ya tembo la mnazi, yuko katika hesabu tofauti, kwa kuwa hulazimika kupanda mnazi ule ule asubuhi na jioni kila siku.

Ugumu wa kujiajiri huonekana vizuri mapato ya siku yanapogeuzwa kuwa mapato ya mwaka. Kwa mfano wa kukisia tu, mkwezi wa Tanzania Bara anayelipwa shilingi 1,500 kwa mti na kukwea miti 20 kwa siku hupata shilingi 30,000, kiasi kinachoweza kuonekana kizuri machoni pa kijana asiye na ajira. Hata hivyo, ukiondoa masika, siku ambazo shina lina utelezi, siku za maradhi na siku zisizo na oda, huenda akabaki na siku 150 za kazi kwa mwaka, ambazo huzaa shilingi 4,500,000, yaani wastani wa shilingi 375,000 kwa mwezi kabla ya kununua kamba na panga na kulipa nauli. Daftari la hesabu lina thamani zaidi hapa kuliko wengi wanavyodhani. Chini ya utaratibu wa kodi ya makadirio uliowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019, mauzo ya mwaka yasiyozidi shilingi 4,000,000 hayatozwi kodi ya mapato, na yale yaliyo kati ya kiwango hicho na shilingi 7,000,000 hutozwa shilingi 100,000 kwa asiyetunza kumbukumbu, lakini kwa anayezitunza hutozwa asilimia 3 ya ziada iliyo juu ya 4,000,000. Kwa mkwezi wa mfano huu, tofauti ni kati ya shilingi 100,000 na shilingi 15,000.

Gharama nzito kuliko zote haimo katika daftari la mkwezi yeyote. Mtu anayeanguka kutoka mita 20 hufika chini baada ya sekunde 2 hivi akiwa katika mwendo wa takriban kilomita 70 kwa saa, na anayenusurika mara nyingi hubaki na mgongo au nyonga iliyovunjika. Sheria za fidia hazikumlenga yeye. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Tanzania Bara, uliotokana na sheria ya 2008, na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya Kenya ya 2007, vyote viwili vimejengwa juu ya uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa. Mkwezi aliyepatana kwa mti hana mwajiri wa kudaiwa. Bima ya afya, kama ile ya Kenya inayomtaka asiye na ajira rasmi kuchangia asilimia 2.75 ya kipato cha kaya na si chini ya shilingi 300 za Kenya kwa mwezi, husaidia gharama za hospitali, lakini hairudishi kipato cha miezi au miaka ambayo aliyeanguka hawezi kukwea. Kwa hiyo familia yake ndiyo inayolipa sehemu ya bei ya nazi ambayo mnunuzi hakuilipa, na hilo ni dhuluma hata kama hakuna aliyelikusudia.

Zana nazo zinastahili kutazamwa upya. Vidato, yaani mikato inayochongwa katika shina ili kuwekea miguu, hurahisisha upandaji, lakini mnazi hauna tishu ya kuziba jeraha kama ilivyo kwa mwembe au msaji, na kila kidato hubaki wazi maisha yote ya mti, kikikusanya maji na kukaribisha uozo. Kamba ya miguu hailiumizi shina, ila haimzuii mkwezi kuanguka. Nchini India, ambako jimbo la Kerala lilikabiliwa na uhaba mkubwa wa wakwezi, Bodi ya Maendeleo ya Minazi ilianzisha mwaka 2011 mpango wa Marafiki wa Mnazi, uliowafunza vijana wa kiume na wa kike kwa siku 6, ukawapa chombo cha chuma cha kukwelea kinachoshika shina kwa waya, na ukawakatia bima ya ajali. Chombo hicho hufanya kazi vizuri zaidi katika shina lililonyooka, na minazi mingi ya pwani yetu imeinama. Kilicho bora kuigwa ni bima na mafunzo. Huko Uingereza, ambako wapanda miti wengi wanaohudumia miti ya mijini wamejiajiri pia, kanuni za 1998 zinataka zana za kumpandisha mtu zikaguliwe na mjuzi kila baada ya miezi 6, na gharama ya ukaguzi huo huingia katika bei anayotajiwa mteja.

Wateja wanaoweza kulipa bei kamili wapo tayari. Hoteli za pwani zenye minazi juu ya njia na mabwawa ya kuogelea haziwezi kusubiri nazi imwangukie mgeni, na wenye nyumba mijini huhitaji kuondolewa kwa minazi iliyokufa kwa ugonjwa wa kunyong'onyea, kazi inayofanywa kwa kukata shina vipande kutoka juu. Kwa wateja wa namna hii mkwezi anapaswa kwenda na bei iliyoandikwa, inayopanda kwa urefu na hali ya mti, na kutenga katika kila miti 20 malipo ya mti 1 kwa ajili ya bima na zana. Kwa mfano uliotangulia, akiba hiyo ingefika shilingi 225,000 kwa mwaka. Hakuna mkwezi anayeweza kuipandisha bei peke yake wakati jirani yake anakwea kwa bei ya zamani, na kwa hiyo jukumu la kwanza ni la wakwezi wa kila kijiji kuunda ushirika wenye bei moja, na la pili ni la wenye mashamba kuikubali bei hiyo kabla wakwezi waliobaki, ambao wengi ni watu wazima, hawajaacha kupanda.