Jazz: Kweli au Si Kweli?

Reli ya Kati ikitoka Dar es Salaam hupita Morogoro na Kilosa, ikakatiza Munisagara kwenye bonde la Mkondoa, kisha ikashika njia ya Dodoma na Tabora. Miji mitatu ya reli hiyo ilikuwa na bendi zenye jina la ukoo mmoja: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz na Tabora Jazz. Neno hilohilo "jazz" Waingereza hulitumia pia kama kitenzi, "jazz up". Madai juu yake ni mengi, tuyapime.

Dai la 1: Bendi hizo zilipiga jazz ya Kimarekani.
SI KWELI. Zilipiga rumba, cha-cha, twist na mitindo ya nyumbani. Kwetu "jazz" ilikuwa alama ya bendi ya dansi yenye magitaa na saksofoni, ili isichanganywe na ngoma wala taarabu. Cuban Marimba ya Salum Abdallah, watani wa jadi wa Morogoro Jazz, haikuwa na neno hilo jinani, lakini ukumbi ulijaa kwa muziki uleule wa dansi.

Dai la 2: Tuliliiga kwa OK Jazz ya Kinshasa.
SI KWELI. OK Jazz ya Franco ilianza 1956. Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu 1932, na Morogoro Jazz tangu 1944. Magitaa ya Kongo yalitufunza mengi, ila jina tulikuwa nalo zamani.

Dai la 3: Linatokana na "kujaza".
SI KWELI. Sauti zinafanana, lakini hakuna ushahidi wa undugu. Neno lilianza kuonekana magazetini huko California mwaka 1912 na 1913, tena kwenye habari za besiboli, likiwa na maana ya nguvu na uchangamfu. Kuhusu muziki, magazeti ya Chicago yalilitumia 1915.

Dai la 4: Kitenzi chake kimezaliwa na muziki.
NUSU KWELI. Kama tulivyoona, neno lenyewe lilitangulia muziki. Lakini "jazz up" ilikuja baadaye: kwanza ni kuupiga wimbo wa kawaida kwa mtindo wa jazz, halafu ikawa kuchangamsha kitu chochote, kiwe gauni, sebule au mchuzi uliopooza.

Dai la 5: Unaweza kukitumia kitenzi hicho vyovyote.
SI KWELI. Lazima useme unachochangamsha. Kama ni nomino, "jazz up the room" na "jazz the room up" zote ni sahihi. Kama ni kiwakilishi, kiwakilishi hukaa katikati: "jazz it up", kamwe si "jazz up it". Tena ni lugha ya mazungumzo. Kwenye barua ya kuomba kazi kiache.

Dai la 6: Jazz ya Morogoro iliishia Morogoro.
SI KWELI. Mwaka 1970 Morogoro Jazz, akiwemo mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, iliiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani. Mwaka 1973 Mbaraka alijitenga akaunda Super Volcano, bendi isiyo na "jazz" jinani. Mashabiki wake hawakuhitaji neno hilo ili kujua kwamba bado anapiga dansi.