Jeni Zilizogeuka Tarehe

Binadamu ana jeni ambayo kwa miaka mingi wanasayansi waliiita SEPT2. Ndiyo yenye maelekezo ya kutengeneza protini inayosaidia chembe hai kugawanyika. Andika jina hilo kwenye Excel iliyozoea tarehe za Kiingereza, kisha nenda kisanduku kinachofuata: programu itadhani umeandika 2 Septemba, na italigeuza bila kukuuliza.

Mwaka 2016 watafiti watatu wa Melbourne, Australia, Mark Ziemann, Yotam Eren na Assam El-Osta, walitaka kujua uharibifu huu umeenea kiasi gani. Faili zilikuwa maelfu kwa maelfu, hazisomeki kwa macho. Wakaandika programu ya kuzipekua faili za Excel zilizoambatanishwa na makala ya majarida 18 ya kisayansi. Kati ya makala 3,597 yenye orodha za jeni, 704 yalikuwa na majina yaliyoharibika, karibu asilimia 20. Na haya ni makala yaliyokwisha kupitiwa na wataalamu kabla ya kuchapwa! Ziemann na wenzake wengine walipopima tena mwaka 2021, kwa kundi kubwa zaidi la makala, walikuta asilimia 30.9.

Programu inaonaje kilichompita mtaalamu? Faili yenye jina linaloishia na .xlsx ni furushi la zip lililojaa maandishi ya XML. Anayetumia lugha ya Python huchukua maktaba kama openpyxl, yaani misimbo iliyokwisha kuandikwa na wengine, ikamfungulia furushi hilo na kusoma kisanduku kimoja kimoja bila hata kuwa na Excel. Inasoma kilichohifadhiwa, ambacho mara nyingi si kile kinachoonekana kwenye kioo. Tarehe, kwa mfano, huhifadhiwa kama hesabu ya siku tangu mwanzo wa mwaka 1900, pamoja na maelekezo ya namna ya kuionyesha. 2 Septemba 2016 ni 42615. Kwa hiyo SEPT2 iliyoingizwa mwaka ule imebaki kuwa 42615, na hata ukikiamuru kisanduku kionyeshe maandishi, hutapata ila namba hiyo. Jina limefutika.

Jambo hili linamhusu pia katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa anayeorodhesha wanachama. Namba ya simu inayoanza na 0754 hubaki ikianza na 754. Hilo si kubwa, kwa kuwa sifuri ya mbele inajulikana na inarudishika. Kinachonitia wasiwasi ni namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ambayo kwa Tanzania ina tarakimu 20. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba yoyote. Ukiiandika NIDA bila vistari, tano za mwisho zinakuwa sifuri, na hakuna maktaba ya kuzifufua. Ukiiandika na vistari vyake, inachukuliwa kuwa maandishi na inasalimika.

Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kwamba SEPT2 sasa ni SEPTIN2, na jeni nyingine, MARCH1, ni MARCHF1. Sayansi ilikubali kubadilisha majina yake ili yapite salama katika programu ya ofisini, na naiheshimu kwa hilo, maana matokeo ya utafiti yana thamani kuliko jina. Oktoba 2023 Microsoft nayo iliongeza mpangilio wa kuzima ugeuzaji huo.

Anayeanza orodha leo achague safu za simu na NIDA, azipe muundo wa maandishi kabla ya kuingiza namba ya kwanza. Aliyeletewa faili ya CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, asiibofye ifunguke kwenye Excel na kuihifadhi upya. Aisome kwa maktaba ya Python iitwayo pandas akiiamuru kila safu ichukuliwe kama maandishi, na faili ya asili aiache kama ilivyokuja.