Kinundu Kisichouma, na Moyo Ulio Hatarini

Kijana wa Kakamega mwenye umri wa miaka 20 akikuta kinundu kigumu juu ya kiwiko chake, wala hakimuumi, kwa kawaida hukifunika kwa mkono wa shati akaenda zake kukata miwa au kuandika ofisini. Yampasa aende kwanza kwa daktari, hasa ikiwa majuma machache nyuma aliumwa na koo, kisha akapata homa na viungo kuvimba kwa zamu.

Huenda ikawa ni homa ya baridi yabisi. Vijidudu vya koo huwa vimekwisha ondoka, lakini kinga ya mwili iliyoamka kupigana navyo hukosea adui, ikashambulia viungo, ngozi na moyo. Hushika zaidi watoto wa miaka 5 hata 15. Walakini vijana hawakuepushwa, na aliyeugua utotoni aweza kurudiwa.

Vinundu hivyo hukaa chini ya ngozi, juu ya mifupa ya viwiko, magoti, vifundo na kisogo. Wagonjwa wengi hawavipati kamwe. Bali vinapotokea, mara nyingi moyo nao umekwisha guswa. Ndiyo sababu Dr. T. Duckett Jones wa Marekani alivitia katika dalili kubwa za ugonjwa huu mwaka 1944.

Alama ya pili ni duara za wekundu hafifu kifuani, mgongoni na mapajani, si usoni. Watu hudhani ni choa. Choa huwasha na kudumu pale pale. Duara hizi haziwashi, nazo huhama au kutoweka kwa saa chache. Juu ya ngozi nyeusi ni taabu kuziona. Mgonjwa atazamwe penye nuru ya mchana, baada ya kuoga maji ya moto, maana joto huzidhihirisha.

Dawa ya kuulinda moyo ni ya zamani na si ghali: sindano ya penisilini kila majuma 3 au 4, kwa miaka mingi. Huko Gulu, Uganda, watoto na vijana 818 wenye alama za mwanzo moyoni waligawanywa mafungu mawili mwaka 2018. Baada ya miaka miwili, waliozidi kuharibika ni 3 kati ya waliodungwa, na 33 kati ya wasiodungwa.

Sindano yenyewe huuma sana, na kijana aliyekwisha pata nafuu huona hana haja nayo. Aendaye Nairobi kutafuta kazi na aichukue kadi yake ya sindano, aionyeshe katika zahanati ya huko kabla siku ya sindano haijapita.