ZIWA RWIHINDA NA ULINZI WA MAJI HABA

Mkaaji wa Bwiza akitaja ziwa, kila mtu mjini Bujumbura huelewa kwamba anasema Tanganyika. Ziwa hilo lina kina kinachofikia mita 1,470 hivi, na mtu aliyezoea kuliona kila siku ni vigumu kwake kusadiki kwamba ziwa laweza kufa. Lakini kaskazini ya Burundi, katika nchi ya Bugesera, yako maziwa ya namna nyingine: madogo, yenye kina cha mita chache tu, ambayo mvua za msimu mmoja zikikosekana hurudi nyuma mbele ya macho ya watu. Mojawapo ni Rwihinda, karibu na mji wa Kirundo. Askari wa jeshi na wa polisi wanaopangiwa kazi sehemu hizo yawapasa kulifahamu ziwa hili, kwani amri nyingi wanazopewa huko, ziwe za mpaka, za uvuvi au za mabonde, mzizi wake ni maji hayo haba.

Rwihinda lina eneo la hektari 425 hivi, yaani kilomita za mraba nne na robo. Limo katika uliokuwa mkoa wa Kirundo, ambao kwa mpango mpya wa mwaka 2025 umeingizwa katika mkoa wa Butanyerera pamoja na Ngozi na Kayanza. Jirani zake wakubwa ni Cohoha na Rweru, maziwa ambayo Burundi inashirikiana na Rwanda. Na wadogo ni Kanzigiri, Gacamirindi na Narungazi. Yote yamo katika nchi ya mabonde mapana, iliyoinuka zaidi kidogo ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na yenye mvua chache kuliko milima ya katikati ya nchi.

Maziwa hayo yalitokea namna gani? Zamani za kale, nchi ya magharibi ilipoinuka kando ya Bonde la Ufa, mito ya sehemu hizi ilipoteza mteremko wake wa awali. Mito mikubwa, Nyabarongo na Akanyaru, ikawa inakwenda polepole, ikitua tope lake njiani. Tope hilo lilijilundika hata likaziba midomo ya mabonde madogo ya pembeni, na maji ya mabonde hayo yakakosa pa kutokea. Basi Rwihinda na wenzake ni mabonde yaliyozama. Ndiyo maana yana pembe na matawi mengi, na ndiyo maana kina chake ni kifupi.

Hata wageni waliochora ramani walibabaishwa na nchi hii. Mwaka 1876 Stanley alisikia habari za Akanyaru, akadhani ni ziwa kubwa, na ziwa hilo likaingizwa katika ramani za Ulaya. Mwaka 1892 Oscar Baumann alipopita Burundi aligundua kwamba Akanyaru ni mto unaopita katikati ya mafunjo. Kosa hilo lina funzo lake: katika Bugesera, mahali nchi kavu inapokoma na maji yanapoanza si jambo la kuamuliwa kwa kutazama kwa mbali.

Bugesera wenyewe ulikuwa ufalme. Mwishoni mwa karne ya 18 uligawanywa, sehemu ya kusini ikaingia katika Burundi ya Ntare Rugamba, na ya kaskazini ikaingia Rwanda. Kwa muda mrefu baadaye watu walikuwa wachache, kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 wakulima wengi walihamia huko kutafuta ardhi, nao waliikuta yenye rutuba. Kirundo ukaitwa ghala la nchi. Maharagwe yake yalisafiri kwa malori hadi Bujumbura, na jamaa nyingi za Bwiza ziliyala bila kujua ni maji ya bonde gani yaliyoyakuza.

Sasa na tupime nguvu ya ziwa kama hili. Kiangazi cha Bugesera huchukua kiasi cha siku 100. Tukikadiria kwamba jua na upepo huondoa milimita 4 za maji kila siku, basi kiangazi kimoja huondoa sentimita 40. Kwa Tanganyika, hicho ni kipimo kidogo mno kikilinganishwa na kina chake. Kwa Rwihinda ni mita za ujazo 1,700,000, nazo ni sehemu kubwa ya mali yake yote. Tena ufuko wake ni tambarare. Mahali ambapo mteremko ni mita moja kwa kila mita 100, maji yakishuka sentimita 40 ukingo hurudi nyuma mita 40. Mkulima aliyelala jirani na maji mwezi Juni ataamka mwezi Septemba akiwa na shamba jipya mbele yake, jeusi, lenye unyevu, lisilo na mwenyewe. Hapo ndipo kishawishi kinapoanza.

Kinachoweza kuliokoa ziwa la namna hii ni ukanda wa mafunjo unaolizunguka. Mafunjo hurefuka hata kufikia mita nne na zaidi, na mizizi yake husokotana kama mkeka mnene. Mvua zinapoporomosha udongo wa vilima, mkeka huo huushika, na maji huingia ziwani yakiwa yamechujwa. Mboji iliyo chini yake hufyonza maji wakati wa masika na kuyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Ni kweli kwamba mafunjo nayo hunywa maji; lakini yakikatwa na bonde likachimbwa mifereji, mboji hukauka, hudidimia, na hata huweza kushika moto. Udongo wa vilima hapo huteremka moja kwa moja hadi ziwani. Ziwa lenye kina cha mita mia huweza kumeza udongo huo kwa miaka mingi sana. Ziwa lenye kina cha mita chache hujaa.

Ndani ya mafunjo hayo samaki huzaa na vifaranga vyao hujificha. Humo pia huishi ndege wengi, hata Rwihinda likapewa jina la Ziwa la Ndege: korongo mwenye taji, ambaye Warundi humwita umusambi, pamoja na bata, yangeyange, minandi, na wageni wanaokimbia baridi ya Ulaya. Wako ndege wadogo wasioweza kuishi popote pengine isipokuwa katika mafunjo. Mafunjo yakiondoka, na wao wameondoka.

Madhara yameonekana. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilidhoofisha ulinzi wa mazingira, na msitu wa Murehe, ulio katika Bugesera hiyo hiyo, ukakatwa vibaya. Ukaja ukame wa miaka ya 1999 na 2000. Upande wa Rwanda, ziwa Cyohoha ya Kaskazini likakauka kabisa. Katika Kirundo, ghala la nchi likawa mahali pa njaa, na watu wakahama kutafuta chakula. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta wa ziwa hakuna fundi awezaye kuujenga.

Serikali haikukaa kimya. Burundi iliingia katika Mkataba wa Ramsar juu ya ardhi zenye maji mwaka 2002, na mwaka 2013 maziwa na mabonde hayo ya kaskazini, zaidi ya hektari 16,000, yaliandikwa katika orodha ya mkataba huo. Sheria ya maji ya mwaka 2012 ilitenga ukanda wa mita 150 kando ya Tanganyika, na wa mita 50 kando ya maziwa mengine. Askari polisi anayetumwa kusimamia ukanda huo akumbuke hesabu ya kiangazi iliyotajwa hapo juu. Mita 50 zikipimwa kutoka kwenye maji ya Septemba, karibu zote zitakuwa zimezama masika yatakaporudi. Ukanda wenye maana ni ule unaopimwa kutoka pale maji yanapofika yakiwa yamejaa.

Kwa askari jeshi liko jambo jingine. Mpaka unaopita katika Cohoha na Rweru ulikuwa mpaka wa ndani wakati wa Wajerumani na wa Wabelgiji. Tangu tarehe 1 Julai 1962 ni mpaka wa mataifa mawili huru. Lakini samaki hawaujui, na visiwa vya mafunjo vinavyoelea husukumwa na upepo. Mwezi Mei 2020 askari wa Burundi na wa Rwanda walirushiana risasi katika ziwa Rweru, na chanzo chake kilikuwa mzozo juu ya wavuvi. Ni dhahiri kwamba kadiri samaki wanavyopungua ndivyo mvuvi anavyozidi kwenda mbali, na ndivyo doria mbili zinavyozidi kukutana. Anayezuia nyavu zenye matundu madogo leo huenda anazuia risasi ya kesho.

Je, mkulima mwenye njaa atendewe nini? Hapana budi kusema kweli: anayelima ukingoni mara nyingi si mhalifu wa kuzaliwa, bali ni mzazi aliyeona mazao ya kilimani yakinyauka. Kumng'olea maharagwe bila kumweleza ni kumfundisha kurudi usiku. Na aelezwe kwamba shamba lililo nyuma ya ukanda laweza kumwagiliwa maji ya ziwa, lakini shamba lililo juu ya ziwa lililokauka halitapata maji ya kumwagilia. Na aelezwe habari za Rugezi, bonde la kaskazini ya Rwanda. Lilipokaushwa kwa kilimo, maziwa ya Burera na Ruhondo yalishuka, na mwaka 2003 na 2004 kituo cha umeme cha Ntaruka kikapungukiwa nguvu vibaya. Mashamba yalipoondolewa bondeni na vilima kupandwa nyasi na miti, maji yalirudi, na umeme ukarudi pamoja nayo.

Kwa hiyo madhara ya bonde yaweza kutenguliwa, mradi kazi ianze kabla ziwa halijajaa udongo. Rwihinda halihitaji mizinga wala ngome. Lahitaji ukanda wa mafunjo ulio mzima, nyavu halali, na askari anayejua kwa nini amesimama pale, awezaye kumweleza mwananchi sababu hiyo kwa lugha ya heshima kabla ya kumwonyesha sheria.